Mlembe na Warina Asali: Mapatano Yasiyoandikwa

Vitabu vya historia vimejaa habari za mapatano yaliyofanywa na wafalme, masultani na serikali. Mapatano hayo yaliandikwa, yakatiwa sahihi na mihuri mbele ya mashahidi, na mengi yao yakavunjwa na hao hao walioyatia sahihi. Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia mapatano ya namna nyingine. Haya hayakuandikwa popote, hayana muhuri wala shahidi, na hata hivyo yamedumu katika bara letu tangu zamani mno. Upande mmoja wa mapatano hayo yuko binadamu mrina asali. Upande wa pili yuko ndege mdogo wa porini aitwaye mlembe, ambaye kwa sababu ya kazi yake hujulikana pia kama kiongozi wa asali.

Mtu aliyezaliwa na kukulia mjini akielezwa kwamba yuko ndege amwitaye binadamu, akamwongoza msituni mpaka kwenye mti wenye nyuki, kisha akangoja fungu lake, hudhani anasimuliwa ngano kama zile za sungura na fisi. Mwingine husema huo ni uganga: kwamba wako watu waliopewa dawa ya kusema na ndege. Dhana hizo mbili hazifanani, lakini zote hutufikisha mahali pamoja, maana zote hutuzuia kuuliza. Aliyekwisha kusema kuwa jambo fulani ni ngano haoni haja ya kulichunguza. Na aliyekwisha kusema kuwa ni uganga huona hana haki ya kulichunguza. Sisi tunapenda kuonyesha kwamba jambo hili ni la kweli, na zaidi ya hayo, kwamba ni jambo la historia. Ni la historia kwa sababu limefunzwa na wazee kwa vijana, limechukua sura mbalimbali katika nchi mbalimbali, na laweza kupotea.

Ndege Mwenyewe

Mlembe si ndege wa kuvutia macho. Ukubwa wake ni kama sentimeta 20 tangu mdomo hadi mkia, na rangi yake ni ya kijivujivu na hudhurungi, isipokuwa manyoya meupe ya pembeni mwa mkia ambayo huonekana vizuri arukapo. Anapatikana katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini ya jangwa la Sahara, katika nchi za miti na vichaka. Asiyemjua aweza kumwona kila siku bila kumtazama mara ya pili.

Kinachomtofautisha na ndege wengine ni chakula chake. Mlembe hula wadudu, lakini zaidi ya yote anapenda nta. Viumbe wachache sana duniani waweza kuimeng'enya nta na kupata nguvu ndani yake, naye ni mmojawapo. Hula pia majana, yaani watoto wa nyuki waliomo katika masega. Huyajua vizuri mashimo ya nyuki yaliyomo katika eneo lake, lakini kujua si kupata. Nyuki hukaa ndani kabisa ya mti au katika ufa wa mwamba, mlango wao ni mwembamba, na miiba yao yaweza kumwua ndege mdogo kama yeye. Basi mlembe huwa kama mtu aliyesimama nje ya ghala lililofungwa, naye hana ufunguo.

Ufunguo huo anao binadamu, nao ni moto na shoka. Kwa moshi huwatuliza nyuki. Kwa shoka hulipanua shimo. Lakini binadamu naye ana upungufu wake. Msitu ni mpana, miti ni mingi, na aweza kutembea kutwa nzima akiwa ameinua shingo bila kuona hata nyuki mmoja. Hivyo kila upande una kile ambacho mwenzake hana: ndege ana habari, na mtu ana zana. Tena, jambo linaloondoa ugomvi ni kwamba hawagombei kitu kimoja. Mtu hutaka asali, na ndege hutaka nta. Ni mara chache sana katika mapatano ya wanadamu wenyewe kuona pande mbili zikigawana mali bila kunung'unika namna hiyo.

Jinsi Waitanavyo

Mlembe atakapo msaada humjia mtu karibu, akatua juu ya tawi na kupiga kelele ya harakaharaka, ambayo wengi wameifananisha na sauti ya kiberiti chenye njiti chache kinapotikiswa. Mtu akielekea kwake, ndege huruka, akauonyesha ule weupe wa mkia wake, na kutua mbele kidogo. Hungoja. Mtu akimkaribia, huruka tena. Wafikapo penye nyuki, mwenendo wake hubadilika: hukaa karibu, huacha kwenda mbele, na mwishowe hunyamaza. Hapo mrina asali hujua kwamba kazi ya kutazama miti imekuwa yake.

Kwa muda mrefu wataalamu wa Ulaya waliyapokea maelezo hayo kwa mashaka, kwa kuwa yalitoka katika vinywa vya warina asali. Mwaka 1989 Hussein Isack, mwanasayansi wa Kenya, pamoja na mwenzake H. U. Reyer, walitangaza matokeo ya uchunguzi walioufanya miongoni mwa Waborana wa kaskazini ya Kenya. Waliona kwamba Waborana walipotafuta nyuki peke yao katika sehemu wasizozijua, walitumia kwa wastani saa 8.9 kuvipata viota vya nyuki. Walipoongozwa na ndege, walitumia saa 3.2. Waliona pia kwamba katika kila viota 100, viota 96 ndege asingaliweza kuvifikia kama binadamu asingalivifungua kwanza. Waborana walikuwa wamesema kwamba mwenendo wa ndege huwaeleza upande wa kwenda na umbali uliobaki: kwamba kadiri wanavyokaribia, ndivyo ndege anavyotua karibukaribu na kukaa chini zaidi mtini. Vipimo vilionyesha kwamba walisema kweli.

Tunapenda wanafunzi walizingatie jambo hilo. Wazee wasiojua kusoma walikuwa wameyafanya mahesabu yao tangu zamani. Aliyechelewa kuyapokea ni mtaalamu. Wala Waborana hawakumngoja ndege awafuate. Wao wana mluzi wao waitao fuulido, ambao hupigwa kwa viganja vilivyofumbatwa, au kwa kombe la konokono, au kwa kokwa ya mkoma iliyotobolewa, na ambao husikika umbali wa zaidi ya kilometa moja. Kwa mluzi huo humwambia ndege: Tuko hapa, tuna moto, tuko tayari.

Ushahidi wa Zamani

Habari ya kale iliyoandikwa juu ya ndege huyu ilitoka katika pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Mwishoni mwa karne ya 16 padri mmoja Mreno, João dos Santos, alikaa Sofala, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Katika kitabu chake kilichochapwa Ureno mwaka 1609 alieleza kwamba ndege wadogo waliingia kanisani na kuidonoa mishumaa, ambayo siku zile ilitengenezwa kwa nta ya nyuki. Akaeleza pia kwamba ndege hao huwaongoza watu kwenye asali. Padri alikuwa mgeni nchini, na alichokiona kama ajabu wenyeji wake walikuwa wakikitumia kupata chakula.

Lakini karatasi ya padri huyo si mwanzo wa mambo. Katika milima ya Matobo huko Zimbabwe iko michoro ya miambani iliyochorwa kabla ya kuja kwa maandishi, na mmojawapo waonyesha mtu akiviendea viota vya nyuki kwa moshi. Kurina asali kwa moto ni kazi ya kale sana katika Afrika, na palipokuwa na moto na asali, mlembe alikuwa na sababu ya kumtafuta binadamu.

Hata biashara ya nchi zetu iliigusa nta hiyo. Wayao wanajulikana katika historia kwa misafara yao mirefu kutoka bara kwenda Kilwa katika karne ya 19. Wakati wa utawala wa Wajerumani nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizouzwa ng'ambo kutoka Tanganyika, na bado nchi yetu yauza nje nta na asali. Kwa hiyo ile nta ambayo kwa mrina asali wa kale ilikuwa fungu la ndege ilipata bei sokoni. Hatusemi kwamba biashara ni mbaya. Twasema tu kwamba tangu siku hiyo fungu la ndege lilipata mshindani.

Ndege Mmoja, Lugha Nyingi

Sasa twafika penye kiini cha makala haya. Kama urafiki wa mtu na mlembe ungalikuwa jambo la maumbile peke yake, kama vile mvua na majani, basi ungalikuwa sawa kila mahali. Lakini sivyo ulivyo.

Kusini ya mto Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, wanaishi Wayao, ndugu wa Wayao wetu wa Tunduru na Masasi. Wao humwita ndege huyu sego. Wanapokwenda kurina asali hutoa sauti maalumu: ulimi hutetemeshwa kwa mfululizo, kisha sauti huishia kwa mguno mfupi, kama mtu asemaye "brrr-hm". Sauti hiyo hawaitumii kwa kazi nyingine yoyote. Warina asali 20 walipoulizwa waliipata wapi, walijibu kwamba walijifunza kwa baba zao.

Mwaka 2016 Claire Spottiswoode, pamoja na Keith Begg na Colleen Begg, walitangaza matokeo ya jaribio walilolifanya huko kwa msaada wa warina asali hao. Walitembea porini mara 72, kila mara dakika 15, huku wakipiga sauti zilizonaswa: mara sauti ya Wayao ya kuwaita ndege, mara sauti nyinginezo. Kwa sauti nyingine, uwezekano wa kuongozwa na ndege ulikuwa kama asilimia 33. Kwa sauti ya Wayao ulifikia asilimia 66. Na uwezekano wa kuonyeshwa kiota cha nyuki ulipanda kutoka asilimia 16 hadi asilimia 54. Maana yake ni kwamba ndege huyo, ambaye hakufugwa wala kufungwa kamba, anaielewa sauti ile na kuitofautisha na kelele nyingine za wanadamu.

Tuvuke sasa Ruvuma, tuelekee kaskazini mpaka ziwa Eyasi, katika nchi ya Wahadzabe. Hawa ni watu wachache, wapatao 1,000 na kidogo zaidi, na baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kuchuma matunda na kurina asali. Lugha yao haifanani na lugha za jirani zao. Mlembe wao humwita kwa jina lao wenyewe, na wamwitapo porini hawatoi sauti ya kutetemesha ulimi. Hupiga mluzi wenye tuni. Asali kwao ni chakula kinachopendwa kuliko vyote. Nyuki wakiwa ndani ya mbuyu mkubwa, mrina asali hupigilia vigingi vya miti katika shina, kimoja juu ya kingine, akapanda kwavyo kama ngazi, mwenge wa moto ukiwa mkononi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014 na Brian Wood na wenzake ulionyesha kwamba msaada wa ndege uliongeza kasi ya Wahadzabe ya kuvipata viota vya nyuki kwa asilimia 560, na kwamba asilimia 8 hadi 10 ya chakula chao ilipatikana kwa msaada huo.

Wataalamu hao wawili, Spottiswoode na Wood, walifanya jaribio jingine lililotangazwa mwaka 2023. Mluzi wa Wahadzabe ulipelekwa Niassa, na sauti ya Wayao ikaletwa Eyasi. Ndege wa Eyasi waliuitikia mluzi wa Wahadzabe mara 3 hivi kuliko walivyoiitikia sauti ya Wayao. Nao ndege wa Niassa waliiitikia sauti ya Wayao karibu mara 2 kuliko mluzi wa Wahadzabe. Ndege ni wa aina moja, nta ni ile ile, na nyuki ni wale wale. Lakini mlembe wa Niassa amejifunza Kiyao chake cha asali, na mlembe wa Eyasi amejifunza Kihadzabe chake.

Hapo ndipo tunapoona kwamba jambo hili si la ndege peke yake, wala si la uganga. Ni utamaduni. Desturi ya watu wa mahali fulani imeingia mpaka katika akili ya ndege wa mwitu. Na ndege naye, kwa kuitikia sauti moja na kuipuuza nyingine, amewafanya watu waishike desturi yao. Kwani mrina asali ajaribuye kubuni sauti mpya hurudi nyumbani na kibuyu kitupu.

Jambo hilo ni la ajabu zaidi tukikumbuka malezi ya mlembe. Ndege huyu hamlei mwanawe. Jike hutaga yai lake katika shimo la ndege wengine, kama vile hudihudi, kisha huenda zake. Kinda huzaliwa na ncha kali mdomoni, ambayo huitumia kuwaua watoto wa mwenye nyumba, akabaki kulishwa peke yake. Mlezi wake hali nta, wala hajui habari za asali. Kwa hiyo kinda huyo hawezi kuwa amefundishwa na wazazi sauti ya Wayao au mluzi wa Wahadzabe. Huyajua hayo akisha kuwa mkubwa, kwa kusikiliza na kujaribu katika nchi anamoishi. Wazee walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa mlembe, sehemu ya ulimwengu huo ni sisi.

Fungu la Ndege

Katika sehemu nyingi za Afrika husimuliwa kwamba mtu akila asali yote bila kumwachia ndege chochote, siku nyingine ndege huyo atamwongoza kwenye chui, simba au nyoka. Hiyo ndiyo habari iliyowafanya wengi wamwone mlembe kuwa ndege wa uganga. Lakini tukiichunguza kwa jicho la mtu aangaliaye sheria na desturi, twaiona kuwa ni sheria iliyovaa vazi la hadithi. Msituni hakuna askari wala hakimu. Mtu aliyeshiba asali na aliye mbali na macho ya wenzake anahitaji kitu cha kumkumbusha kwamba kesho atarudi, na kwamba hata asiporudi yeye, mwanawe atarudi. Chui wa hadithi hufanya kazi ambayo askari angeshindwa. Mkono mtupu haulambwi, husema Waswahili. Wazee wetu waliifikisha methali hiyo mpaka kwa ndege.

Wayao wa Niassa huishika sheria hiyo waziwazi. Wakisha kuvunja masega, huikusanya nta na kumwandalia ndege juu ya majani mabichi, kama mtu amwandaliavyo mgeni aliyemletea habari njema. Wahadzabe wana fikira nyingine. Wao mara nyingi huificha nta, huizika au huichoma moto, kwa kuwa ndege akishiba hulala, na akibaki na njaa huendelea kuongoza. Msomaji aweza kusema upesi kwamba Wayao ni wakarimu na Wahadzabe ni wachoyo. Sisi tunamsihi asihukumu haraka. Mrina asali ambaye leo watoto wake wanategemea kiota cha pili na cha tatu ana hesabu yake. Tena, kwa vile ndege wa Eyasi wameendelea kuwaongoza Wahadzabe mpaka siku zetu, ni dhahiri kwamba kazi hiyo bado ina faida kwao. Mabaki hayakosi katika shimo lililokwisha kufunguliwa. Kama vile watu hutofautiana katika ndoa, mahari na urithi, ndivyo wanavyotofautiana katika namna ya kumlipa ndege.

Vitabu vingi vimeandika kwamba mlembe humwongoza pia nyegere, mnyama apendaye asali. Lakini ushahidi wa kwamba ndege huongoza watu umejaa tele, hali ule wa nyegere ni haba. Katika viumbe vyote, aliyethibitika kuwa mwenzi wake wa kazi ni binadamu. Hilo ni jambo la heshima, nalo ni jambo la wajibu.

Mapatano Yanapovunjika

Tumesema kwamba jambo la historia laweza kupotea. Wataalamu wameandika tangu zamani kwamba katika sehemu za Afrika ambako watu wameacha kurina asali ya porini, mlembe ameacha, au anaacha, kuwaongoza. Ndege angali yuko, huonekana mtini, lakini hamwiti mtu tena. Sukari ya dukani imechukua nafasi ya asali. Mzinga wa kisasa umelileta shamba la nyuki karibu na nyumba. Vijana wako shuleni na kazini mijini. Hatuwalaumu. Mzinga ni maendeleo, na shule ni maendeleo makubwa zaidi. Lakini ni lazima tujue tunachokiacha, ili tukikiacha tukiache kwa hiari, tusije tukakidondosha njiani bila habari.

Sababu nyingine haikutokana na hiari. Msitu ukikatwa kwa ajili ya mashamba, mti wenye nyuki huenda pamoja na msitu. Msitu ukifanywa hifadhi, mrina asali aliyeurithi kwa babu yake aweza kuitwa mvamizi, na moto wake wa mwenge ukahesabiwa kosa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2022 juu ya Waaweer, ambao watu wa Lamu huwaita Waboni, ulionyesha kwamba hata kwao, walio mabingwa wa kumfuata ndege huyu katika misitu ya pwani ya Kenya, desturi hiyo inafifia.

Kuhusu Wahadzabe, serikali ya wakoloni, na baadaye serikali yetu wenyewe katika miaka ya 1960, zilijaribu kuwakusanya katika makazi ya kudumu ili walime. Nia ya baada ya Uhuru ilikuwa kuwapelekea shule, zahanati na chakula. Hata hivyo wengi waliugua walipokusanywa pamoja, wakafa baadhi yao, na waliobaki wakarudi porini. Fundisho la mambo hayo ni kwamba maendeleo ya watu hayawezi kuanza kwa kudhani kwamba watu hao hawajui lolote. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati za kimila za kumiliki ardhi yao kwa pamoja. Hatua hiyo ililinda mengi kwa wakati mmoja: mibuyu, nyuki, ndege, mluzi na watu. Maana mluzi hauna maana bila mlembe, mlembe haongozi bila mrina asali, na mrina asali si mrina asali bila nchi ya kutembea.

Wajibu Wetu

Tumezoea kuuhifadhi utamaduni kwa kuuweka mahali. Ngoma tunaitundika katika nyumba ya makumbusho, hadithi tunaichapa kitabuni, wimbo tunaunasa katika kanda. Kazi hiyo ni njema nasi tunaiunga mkono. Lakini mapatano ya mlembe na warina asali yanatufunza kwamba uko utamaduni usiowekeka mahali. Twaweza kuinasa sauti ya Mhadzabe na kuihifadhi miaka 100. Kama katika miaka hiyo hakuna mtu aliyeipiga porini, siku tutakapoifungua hapatakuwa na ndege wa kuielewa. Urithi huu unakaa katika vichwa viwili, cha mtu na cha ndege, na hudumu kwa kuzungumza tu.

Kwa hiyo tunawaomba walimu mambo mawili. La kwanza, wafundishapo elimu ya viumbe wasiiache habari hii kwa kuiona kuwa ni ya vijijini. Hapa yumo mnyama wa mwitu na binadamu wakifanya kazi pamoja kwa hiari, jambo ambalo ni adimu sana katika dunia nzima, nalo liko kwetu. La pili, wafundishapo historia wawatume wanafunzi kwa wazee. Wawaulize: Hapa kwetu ndege huyu aliitwaje? Aliitwa kwa mluzi, au kwa neno, au kwa kugonga shina la mti kwa shoka? Alipewa nini? Ni nani wa mwisho kumfuata, na kwa nini aliacha? Majibu yaandikwe pamoja na jina la kijiji na mwaka. Mwanafunzi wa Tunduru atashangaa kuona jinsi jibu lake lisivyofanana na la mwenzake wa Karatu au wa Tabora, na katika mshangao huo ataanza kuelewa maana ya neno utamaduni.

Waswahili husema: Fuata nyuki ule asali. Warina asali wa kale walijua kwamba nyuki ni vigumu kumfuata, wakamfuata mlembe. Na ili mlembe aendelee kuwaongoza, walifanya mambo matatu ambayo kila kizazi kililazimika kuyafanya upya: walimwita kwa sauti aijuayo, walimfuata mpaka mwisho wa njia, na walikumbuka kwamba hawakufika peke yao.